Mwamba Kazadi

Mwamba Kazadi (6 Machi 1947 – 1996) alikuwa golikipa wa timu ya taifa ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) na wa klabu ya TP Englebert, sasa TP Mazembe, ya Lubumbashi, mji wa wazungumzaji wa Kiswahili wa Katanga.

Akiwa na klabu hiyo alitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Alishinda pia Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili: 1968 nchini Ethiopia na 1974 nchini Misri.

Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani Magharibi. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilikuwa imefunga mabao 3 kocha Blagoje Vidinić, mwenyewe Myugoslavia na golikipa wa zamani, alipomtoa kabla ya nusu saa ya kwanza kuisha. Mabao 6 yaliyofuata yalimpita Tubilandu Ndimbi, si Kazadi; lawama za 9-0 kumwangukia yeye si haki. Siku nne baadaye alirudi langoni dhidi ya Brazil, Zaire ikafungwa 3-0.