Maisha ya Daktari Robert Koch, na Siku Zake Katika Nchi Zetu

Hapa Kigali ukiandika herufi B na K ubaoni, darasa zima litakujibu kwamba hiyo ni benki. Wala si kosa, maana herufi hizo twaziona mjini kila siku. Lakini wauguzi wetu wa zamani, wale waliojifunza kazi yao kwa Kifaransa, wanazijua kwa maana nyingine. Makohozi ya mgonjwa yakipelekwa maabara, na karatasi ikaandikwa BK, anayetafutwa ni bakteria wa Koch, yaani kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao nyumbani twauita igituntu. B ni ya mdudu, na K ni ya mtu.

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari za mtu huyo. Jina lake twalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha twalisahau, na ni wachache wanaojua kwamba alikaa miezi mingi katika nchi za jirani zetu, akafanya huko mambo mema na mengine ambayo mimi siwezi kuyaita mema.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz huko Ujerumani. Baba yake alikuwa na kazi katika machimbo hayo, na watoto waliozaliwa katika nyumba ile walikuwa 13. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 5 aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma gazeti bila kufundishwa na mtu. Alisomea udaktari katika chuo cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata akaoa. Tamaa yake ya kuzunguka dunia aliiweka kando, akawa daktari wa kawaida wa vijijini.

Baada ya vita vya Ujerumani na Ufaransa, ambamo alitumika kama daktari, alipewa kazi mwaka 1872 katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa umo katika nchi ya Poland. Huko ng'ombe na kondoo wa wakulima walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na hadubini moja tu, na chumba alichotibia wagonjwa alikigawa kwa pazia: huku wagonjwa, huko panya wake. Hakuwa hata na sindano ya kufaa, basi alichonga vijiti vya mti, akavitia katika damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma navyo panya. Kisha akavikuza vile vijidudu katika maji ya jicho la ng'ombe, akakaa kuvitazama saa baada ya saa, mpaka akaona jinsi vinavyojifunika na kulala miaka mingi udongoni, vikingoja mnyama mwingine. Mwaka 1876 alichukua vyombo vyake akaenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn. Mganga wa kijijini akawa mtu wa kusikilizwa na wataalamu. Mwaka 1880 aliitwa Berlin.

Huko Berlin alitafuta njia ya kukuza aina moja ya kijidudu peke yake, isichanganyike na nyingine. Alianza na vipande vya viazi vilivyopikwa, kisha gelatini, lakini gelatini huyeyuka kwenye joto. Aliyetatua jambo hilo hakuwa profesa, bali Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyetoa shauri la kutumia agari, kitu alichozoea kugandishia vyakula jikoni mwake. Maabara zote za dunia hutumia agari mpaka leo. Kwa maoni yangu, vitabu vyetu vya shule vingeweza kumpa mama huyu japo mstari mmoja.

Sasa nafika kwenye kazi iliyompa sifa. Siku zile, katika kila watu 7 waliokufa, mmoja aliuawa na kifua kikuu. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi, au wa hewa mbaya. Koch alichukua nyama ya mapafu yaliyooza, akaitia rangi ya buluu kwa muda wa siku nzima, halafu akaongeza rangi ya kahawia. Kila kitu kikageuka kahawia, isipokuwa vijiti vyembamba sana vilivyobaki na buluu yao. Hao ndio aliokuwa akiwatafuta. Lakini hakutangaza. Kuona kijidudu ndani ya mgonjwa si kuthibitisha kwamba ndicho kinachomwua. Basi akajaribu kuwakuza juu ya ute wa damu ulioganda. Siku 7 zikapita, hakuna kitu. Mtu mwingine angeutupa ule ute na kuanza upya. Yeye alingoja, na katika juma la pili yakatokea madoa madogo makavu. Akayachukua, akawachoma simbilisi, nao wakapata kifua kikuu. Akatoa vijidudu ndani ya simbilisi, vikawa ni vile vile.

Tarehe 24 Machi 1882 aliyaeleza hayo mbele ya wataalamu wa Berlin. Hakuwa msemaji hodari. Alipomaliza, hakuna aliyenyanyuka kumpinga wala kumwuliza neno, maana majibu yote yalikuwa yamekwisha kuwekwa mezani, chini ya hadubini. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka duniani kuwa Siku ya Kifua Kikuu. Mwaka uliofuata alikwenda Misri na India kufuata kipindupindu, akakikamata nacho.

Laiti ningeweza kuishia hapo! Lakini maisha ya mtu hayaandikwi nusu. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, iitwayo tuberkulini. Jinsi ilivyotengenezwa akaificha. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakiletwa kwa machela. Katika muda wa miezi michache ikajulikana kwamba dawa haiponyi, na baadhi ya waliochomwa walikufa. Yule aliyekuwa amengoja juma la pili kwa ajili ya doa moja, safari hii hakungoja. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine, ya kupima ngozi ili kujua kama mtu ameambukizwa, na kazi hiyo inaifanya mpaka leo. Mwaka 1893 aliachana na mkewe, akamwoa Hedwig Freiberg, kijana wa michezo ya kuigiza. Watu wa Berlin walisema sana. Mimi nayapita hayo.

Kuanzia mwaka 1896 akawa mtu wa safari. Alikwenda kwanza Afrika Kusini kwa sababu ya sotoka, ule ugonjwa uliokuwa umemaliza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki miaka michache kabla yake. Wazee wetu waliuita umuryamo, na huhitaji kumweleza Mnyarwanda maana ya kuamka asubuhi na kukuta zizi kimya. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akakaa mpaka mwaka 1898, akishughulika hasa na malaria.

Siku zile kila homa ya pwani iliitwa malaria. Koch alitaka kila mgonjwa atolewe tone la damu litazamwe kwanza, ndipo apewe kwinini. Akagundua kwamba watu kadhaa walikuwa wakinyweshwa kwinini bure, ugonjwa wao ulikuwa mwingine. Kuna jambo moja aliloliandika ambalo hunifurahisha kila nikilisoma. Wenyeji wa milima ya Usambara, waliposhuka nyikani na kurudi na homa, waliuita ugonjwa huo kwa jina lile lile la mdudu wanayemkuta huko, yaani mbu. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wanabishana juu ya mbu. Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza amekiona kijidudu tumboni mwa mbu huko India mwaka huo wa 1897.

Mwaka 1900, katika New Guinea, Koch aliona kwamba watoto wadogo wengi wana vijidudu vya malaria katika damu, na wakubwa hawana, ingawa wote wanaumwa na mbu wale wale. Akafahamu kwamba mwili hujifunza kidogo kidogo kuushinda ugonjwa. Akafahamu pia kwamba asiyeonekana mgonjwa aweza kuwa ghala la ugonjwa. Basi shauri lake likawa hili: usimfukuze mbu, mtafute mtu mwenye vijidudu, umpe kwinini mpaka vikome. Shauri hilo lilijaribiwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1901. Malaria haikwisha. Mji wa bandari hauna mlango wa kufungwa, watu huingia na kutoka, na si rahisi kumshawishi mtu mwenye afya anywe kitu kichungu kama kile.

Mwaka 1905 alirudi tena, akachunguza papasi, wale kupe wa nyumba za udongo wanaoleta homa ya vipindi katika njia za misafara. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 62, na angeweza kupumzika.

Hakupumzika. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Malale yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya watu laki mbili kando ya ziwa lile tangu mwanzo wa karne. Habari zikaenea kwamba amefika daktari mwenye dawa, na wagonjwa wakaja kwa mamia, wengine wakiletwa kwa mitumbwi hali hawawezi kusimama. Dawa yenyewe iliitwa atoksili, nayo ina zarniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kama mwujiza: vijidudu vilitoweka katika tezi za shingo kwa saa chache tu. Halafu vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Vikarudi tena. Kipimo kikaongezwa hata wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Hapo akapunguza kipimo, lakini dawa hakuiacha, na aliporudi kwao mwaka 1907 alishauri wagonjwa wakusanywe katika kambi, watengwe na watu wao.

Nimeyafikiri sana hayo. Wako wanaomtetea kwa kusema malale yangewaua wote hata hivyo, na ni kweli kwamba hapakuwa na dawa nyingine. Lakini mimi nauliza kama angeongeza kipimo vile juu ya wagonjwa wa Berlin, ambako gazeti la kesho yake lingeandika. Majina ya wale waliopofuka hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Majina ya vijidudu yamo.

Mwaka huo huo wa 1907, ng'ambo ya pili ya ziwa na vilima vingi kutoka Sese, daktari mwingine Mjerumani, Richard Kandt, alijenga makao yake hapa Nyarugenge, nao ndio mwanzo wa mji wetu wa Kigali. Nyumba inayoitwa kwa jina lake ni makumbusho sasa.

Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.

Wadudu wake bado tunao. Kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani mwaka 2023, na humwonea zaidi mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimekwisha kumdhoofisha. Juu ya UKIMWI twaweza kuinua kichwa kidogo: mwaka 2023 shirika la UNAIDS liliitaja Rwanda kati ya nchi 5 za Afrika zilizofikia shabaha ya kuwapima, kuwatibu na kuvituliza virusi vya watu 95 katika kila 100. Na lile shauri la Koch la kumtafuta mwenye malaria nyumbani kwake, hapa kwetu linafanywa na washauri wa afya wa vijiji, ambao hutoa tone la damu na dawa papo hapo.

Lakini sikilizeni habari ya Masaka, Masaka yetu ya Kicukiro. Kati ya wagonjwa 257 wa malaria ambao damu yao ilichukuliwa huko mwaka 2014 na 2015, 19 walikuwa na kijidudu kilichobadilika kiasi cha kuanza kuizoea artemisinini, dawa kuu ya mseto tunaoutegemea. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2020, na wachunguzi walionyesha kwamba badiliko hilo halikuletwa kutoka Asia, limezaliwa huku huku. Uchunguzi mwingine uliofanywa mwaka 2018, katika Masaka na katika Rukara, ulikuta kwamba wagonjwa zaidi ya 10 katika kila 100 walikuwa bado na vijidudu siku ya tatu, ingawa karibu wote walipona mwishowe.

Wagonjwa wale walielezwa kwanza, wakakubali, ndipo wakachomwa kidole. Na kilichofuata Koch angekitambua mara moja: tone la damu juu ya kioo, rangi, hadubini, na mtu aliyeinama akihesabu, kesho yake tena, na kesho kutwa tena, mpaka asubuhi ya siku ya tatu.