Speke aliyefika ziwani asilione

John Hanning Speke, Mwingereza aliyezaliwa 1827, alisumbuliwa na macho tangu utotoni. Mwaka 1857 alipumzika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kisha akafuata njia ya misafara. Alipofika Ujiji Februari 1858, Ziwa Tanganyika kwake lilikuwa ukungu na mng'ao tu. Baadaye alipata nafuu. Agosti hiyo aliliona Ziwa Victoria. Alifariki 1864.

Yeye aliona ukungu, si vitu viwiliviwili. Mwanao akisema anaona viwili, mfunike jicho moja, kisha la pili. Kikibaki kimoja, macho hayaelekei pamoja: chanzo huwa misuli au mishipa ya fahamu. Vikibaki viwili, tatizo limo ndani ya jicho, mfano mtoto wa jicho. Ikianza ghafla, au baada ya kuanguka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.