William Harley: Mhandisi aliyeipa pikipiki ya Marekani umbo lake

NGURUMO ya pikipiki aina ya Harley-Davidson hutambulika na wengi hata kabla yenyewe haijaonekana. Hata hivyo, ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyeketi kwenye meza ya michoro akaibuni: William Sylvester Harley, mhandisi ambaye kila alilolibuni kwanza lilimshinda, akalirudia hadi likakubali.

Harley alizaliwa Desemba 29, 1880, mjini Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa tayari ameajiriwa katika kiwanda cha baiskeli, na baadaye akawa mchoraji wa michoro ya mitambo.

Mnamo 1901, akiwa na umri wa miaka 20, alichora injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli. Yeye na rafikiye wa tangu utotoni, Arthur Davidson, waliiunda kwa jasho jingi, lakini ilishindwa kupanda vilima vya Milwaukee bila mwendeshaji kuisaidia kwa kukanyaga pedali. Waliiweka kando na kuanza upya kwa injini kubwa zaidi. Walter Davidson, kakake Arthur, alijiunga nao. Karakana yao ilikuwa kibanda cha mbao cha futi 10 kwa 15 uani kwa akina Davidson. Mwaka wa 1903 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kampuni yao.

Harley alitambua kuwa ujuzi wa karakana pekee usingemfikisha mbali. Biashara ingali changa, alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kusomea uhandisi wa mitambo, akajikimu kwa kuhudumu mezani katika nyumba ya wanafunzi. Alihitimu mwaka wa 1907, mwaka huo huo kampuni iliposajiliwa rasmi, naye akawa mhandisi mkuu na mweka hazina.

Mwaka wa 1909 kampuni ilitoa injini yake ya kwanza ya silinda mbili zilizoachana mfano wa herufi V, kwa pembe ya digrii 45. Hiyo pia haikufaulu, ikaondolewa sokoni. Ilirejea mwaka wa 1911 ikiwa imerekebishwa, na pembe hiyo ikawa alama ya kampuni. Kufikia 1920, Harley-Davidson ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika utengenezaji wa pikipiki.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya soko la hisa la Marekani kuporomoka mwaka wa 1929. Kampuni iliyokuwa imeuza zaidi ya pikipiki 20,000 mwaka huo iliuza chini ya 4,000 mwaka wa 1933. Viwanda vingi vya pikipiki vilifungwa, na kati ya vile vikubwa vilisalia viwili tu, Harley-Davidson na mshindani wake Indian.

Katika dhiki hiyo, Harley na wenzake waliamua kugharimia injini mpya kabisa. Badala ya vali kukaa kando ya silinda, ziliwekwa juu yake ili injini ipumue vyema na kutoa nguvu zaidi. Aidha, oili ambayo awali ilitumika mara moja tu na kupotea, sasa ilizungushwa ndani ya injini na kurejea tangini. Iwapo injini hiyo ingekataliwa na wanunuzi, hazina ya kampuni isingestahimili pigo jingine.

Pikipiki hiyo, iliyopewa herufi EL, iliingia sokoni mwaka wa 1936 kwa dola 380. Ilikuwa na gia nne, tangi la petroli lenye umbo la tone la maji na kipimamwendo kilichopachikwa juu ya tangi hilo. Vifuniko vya vali zake vilifanana na vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na kwa sababu hiyo ikaja kuitwa Knucklehead.

Mvumbika changa hula mbovu, wasema wahenga, na kwa muda ilionekana kana kwamba methali hiyo ingemtimilia Harley. Injini za kwanza zilivuja oili, huku baadhi ya sehemu zikikosa oili ya kutosha. Mhandisi huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alirudi mezani na vipuri vikabadilishwa mara kadhaa katika mwaka huo wa kwanza. Machi 13, 1937, Joe Petrali aliiendesha Knucklehead ufuoni Daytona, Florida, kwa kasi ya karibu kilomita 219 kwa saa na kuweka rekodi. Shaka zikaisha.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, kiwanda kiligeukia kuunda pikipiki za jeshi. Harley hakuuona mwisho wa vita hivyo. Alifariki Septemba 18, 1943, kutokana na ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 62 na angali mhandisi mkuu.

Knucklehead iliundwa hadi mwaka wa 1947. Baada ya vita, vijana wengi wa Marekani walizinunua zikiwa kuukuu, wakazikata na kuzivua vipuri ili ziwe nyepesi. Ndiyo maana zile zilizobaki na vipuri vyake vya asili ni adimu, na wakusanyaji huzigombania minadani kwa bei ambayo wanunuzi wa 1936 wasingeiwazia.

Hata hivyo, urithi wa Harley haumo katika magala ya matajiri pekee. Tangi la umbo la tone na silinda mbili za digrii 45 zingali zinaonekana katika pikipiki kubwa za kampuni hiyo, zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake. Kinolewacho hupata, na kalamu ya Harley ilinolewa kwa makosa ambayo hakuyaonea haya kuyasahihisha.