Jim Corbett, Msomaji wa Nyayo

Watu wengi wajua kusoma maandishi ya kitabu, lakini ni wachache wajuao kusoma maandishi ya ardhi. Kila mnyama apitapo njiani huacha habari zake nyuma yake: alikotoka, aendako, kama alikuwa na njaa au ameshiba, mzima au ameumia. Mtu mmoja aliyejifunza maandishi hayo tangu utoto, na kwa elimu hiyo akaokoa maisha ya watu wengi, alikuwa Jim Corbett. Alizaliwa katika Bara Hindi, na kaburi lake liko Nyeri, katika nchi ya Kenya.

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai, 1875, katika mji wa Nainital, ulioko katika milima ya Kumaon, kaskazini ya Bara Hindi. Baba yake alikuwa mkuu wa posta wa mji ule. Jim alipokuwa na umri wa miaka mitano tu baba yake alifariki, akamwacha mama mjane na watoto wengi. Wakati wa baridi jamaa ile ilishuka kutoka milimani ikakaa Kaladhungi, kijiji kilichoko chini ya milima, kando ya msitu mkubwa. Msitu ule ukawa shule ya pili ya Jim.

Mwanzoni aliuogopa sana. Kijana mmoja mkubwa alikuwa na desturi ya kuwasimulia watoto habari za pepo mbaya aliaye msituni kwa sauti ya kutisha. Mara nyingi Jim aliisikia sauti ile wakati wa upepo, naye alikimbia mbio mpaka nyumbani. Lakini siku moja alipoisikia aliona haya kukimbia tena. Akajipa moyo, akatambaa polepole kuifuata. Alipofika akaona mti mrefu umeuegemea mti mwingine, na kila upepo ulipovuma miti ile ilisuguana, na mahali iliposuguana palikuwa laini kama palipopigwa msasa. Sauti ya pepo ilitoka hapo. Tangu siku ile Jim alikata shauri kwamba kila sauti asiyoijua ataifuata mpaka aone asili yake.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa manati, kisha upinde. Baadaye akapewa gobori kuukuu, la mitutu miwili. Mtutu mmoja ulikuwa umepasuka, na bunduki yenyewe ilifungwa kwa waya wa shaba isije ikaachana vipande. Kwa silaha dhaifu kama hiyo, mtoto hawezi kutegemea nguvu. Budi ategemee macho na masikio. Siku moja alikuwa akiwanyemelea kuku wa porini, mara simbamarara, yule paka mkubwa mwenye milia, akatoka katika kichaka kilichokuwa mbele yake. Mnyama akageuka, akamtazama mtoto, kisha akaenda zake taratibu bila kumdhuru. Corbett hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Alijua tangu utoto kwamba simbamarara hana desturi ya kumvamia mtu bila sababu.

Walimu wake walikuwa wengi. Kaka yake mkubwa, Tom, alimfundisha kutumia bunduki. Mzee wa kijiji kimoja jirani, jina lake Kunwar Singh, mwindaji hodari, alimfundisha njia za msituni na jinsi ya kutembea bila kelele. Lakini mengi alijifundisha mwenyewe kwa kutazama na kukumbuka. Aliwagawa ndege wote katika mafungu sita kwa kazi zao: kuna waupambao msitu kwa rangi zao, waimbao, wapandao mbegu, waonyao hatari, wapunguzao wadudu na wanyama wadogo, na walao mizoga. Aliwasoma wanyama vivyo hivyo. Tumbili akilia juu ya mti, au tausi akipiga kelele, au paa akibweka kama mbwa, Jim alisikiliza kama askari asikiavyo tarumbeta, maana alijua kwamba simbamarara au chui anapita pale.

Nyayo zilimpa elimu kubwa zaidi. Nyayo za simbamarara dume ni pana, karibu na umbo la mraba. Za jike ni ndefu na nyembamba zaidi. Ukitaka kujua mnyama alipita lini, tazama umande. Kama umande umeufunika unyayo, alipita kabla haujaanguka. Kama amepangusa umande majanini, alipita baadaye. Kama mdudu wa usiku amevuka juu ya unyayo na kuacha mstari wake, basi mnyama alipita kabla ya mdudu yule. Na kama majani yaliyokanyagwa bado yanainuka, simama, maana mnyama yu karibu. Mambo haya ni madogo, na kila moja peke yake laweza kudanganya. Lakini mtu ayakusanyaye yote na kuyalinganisha hupata habari za kweli.

Jim alipotoka shule alikwenda kufanya kazi ya reli, kwa kuwa jamaa yake ilihitaji fedha. Kwa zaidi ya miaka 20 alikaa Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges, akisimamia mizigo. Lakini watu wa Kumaon hawakusahau ujuzi wake, na mwaka 1907 walimhitaji.

Simbamarara jike alikuwa ameua watu 200 katika nchi ya Nepal. Alipofukuzwa huko alivuka mpaka akaingia Kumaon, akaua wengine 236. Watu walijifungia ndani ya nyumba zao, wala hawakuthubutu kwenda shambani wala kuteka maji. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya fedha kwa mtu atakayemwua. Corbett alikubali kwenda kwa sharti kwamba zawadi ile ifutwe na wawindaji wengine waondolewe, kwa maana hakutaka kuua kwa ajili ya fedha.

Alipokuwa karibu na kijiji cha Champawat, msichana mmoja alikamatwa alipokuwa akiokota kuni. Corbett akaifuata njia yake peke yake. Aliona damu, na shanga za buluu zilizotawanyika chini, na nywele zilizonaswa na miiba. Akafika penye kidimbwi cha maji, na hapo akaona sehemu ya mguu wa msichana. Huruma ikamshika, akainama kuutazama, akamsahau mnyama mwenyewe. Ghafula moyo wake ukamwonya, akainua bunduki. Na papo hapo udongo kidogo ukaporomoka kutoka ukingo wa juu ukaanguka majini. Mnyama alikuwa pale juu akimtazama. Huyu aliyesoma nyayo maisha yake yote alikuwa karibu kuuawa, kwa kuwa kwa kitambo kidogo alitazama alama moja na kuzisahau nyingine zote. Yeye mwenyewe aliliandika kosa lake hilo bila kulificha.

Kesho yake watu karibu 300 wa vijiji vile wakakusanyika, ingawa waliogopa. Wakapiga kelele na ngoma kutoka juu ya mlima, simbamarara akatoka bondeni, na Corbett akamwua.

Hapo angeweza kurudi nyumbani akasifiwe. Lakini mtu aliyezoea kutafuta asili ya kila sauti hakuridhika. Akaufungua mdomo wa mnyama, akatazama meno yake. Upande wa kulia jino kubwa la juu lilikuwa limevunjika nusu, na la chini limevunjika mpaka mfupani. Zamani mtu alikuwa amempiga risasi akamjeruhi tu. Kwa jeraha lile hakuweza tena kuwaua wanyama awindao kwa kawaida, akageukia watu. Hivyo njia ya vifo 436 ilianzia katika bunduki ya mwanadamu.

Corbett aliendelea kuwinda wanyama walao watu, naye mwaka 1926, baada ya kukesha usiku mwingi, alimwua chui wa Rudraprayag aliyekuwa ameua watu 125. Lakini simbamarara asiye na hatia alimwinda kwa kamera, akamfuata kwa nyayo zile zile ili apate picha yake. Alisema na watu kwa maneno na kwa maandishi ili misitu na wanyama wake walindwe. Mwaka 1936 mbuga ya kwanza ya taifa katika Bara Hindi ilianzishwa nchi ile ile ya Kumaon, na baada ya kufa kwake ikapewa jina lake.

Mwaka 1947 Corbett na dada yake Maggie walihamia Kenya, wakakaa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, katika nyumba ndogo aliyokaa zamani Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Huko aliandika vitabu, na kimoja chao ni habari za jinsi alivyojifunza msitu alipokuwa mtoto. Akafariki tarehe 19 Aprili, 1955.

Huenda wewe usiyafuate kamwe nyayo za simbamarara. Lakini kila siku utasikia sauti za kutisha, na utaona alama ambazo watu wengine huzipita bila kuzitazama. Usikimbie kabla hujajua, wala usihukumu kwa alama moja. Na ukisha kuona ubaya uliotendeka, fuata njia yake nyuma mpaka mwanzo, hata kama mwanzo huo ni kosa la watu wako mwenyewe.