Nia na Mwili: Maisha ya Daktari Livingstone, Aliyeshuka Mikindani

Kamati ya hekalu letu iliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, wengi walitazamia kwamba ningemchagua mmoja wa watakatifu wa Gujarat, au Mahatma Gandhi na mifungo yake. Hao habari zao tunazisikia kila mwaka, na ni haki yao. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa Mhindu, wala hakuwapenda sana wafanyabiashara wa Kihindi wa zama zake, lakini aliyekanyaga mchanga wa pwani yetu. Pale Mikindani, umbali mfupi kutoka hapa mjini Mtwara, ipo nyumba ya zamani yenye kibao cha kumkumbuka. Nilipokuwa mtoto nilikipita kibao hicho mara nyingi bila kukisoma. Nimekuja kumsoma David Livingstone uzeeni, baada ya kuugua, nikitafuta jibu la swali moja: je, nia ya mtu ina nguvu kiasi gani juu ya mwili wake?

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Alipotimiza miaka kumi aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akifanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake akasoma sentensi moja, kisha akaendelea na kazi. Kwa njia hiyo mwili uliochoka ulizoea kuitii akili. Kijana huyo wa kiwandani akasomea uganga mjini Glasgow, na mwaka 1840 akapata cheti cha udaktari. Mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia, akamkamata mkono wa kushoto na kumtikisa kama paka amtikisavyo panya. Mfupa ulivunjika, na meno yakaacha majeraha kumi na moja. Aliokolewa na mwenzake, Mebalwe, aliyemkabili simba huyo naye akaumwa. Jambo ambalo Livingstone alilisimulia baadaye limewashangaza wengi: alipokuwa kinywani mwa simba hakusikia maumivu wala hofu. Aliona yote yaliyotendeka, lakini kama aliye katika ndoto. Leo madaktari wanafahamu kwamba katika hatari kubwa ubongo unaweza kuyazuia maumivu kwa muda. Yeye aliliona kuwa ni rehema ya Mungu. Mkono wenyewe haukupona vizuri, wala hakuweza tena kuuinua juu ya bega. Naomba msomaji aukumbuke mkono huo, maana tutakutana nao tena.

Kuanzia mwaka 1853 hadi 1856 alilivuka bara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alifika Luanda, pwani ya magharibi, akiwa taabani kwa homa na kuhara damu. Mabaharia Waingereza walikuwa tayari kumrudisha kwao kwa meli. Alikataa, kwa sababu alikuwa amewaahidi wenzake ishirini na saba, watu wa nchi ya Wamakololo, kwamba angewarudisha makwao. Alipopata nafuu akageuka nao, akawafikisha, kisha akaendelea mashariki hadi Quelimane.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba alishinda maradhi kwa nia peke yake. Alikuwa daktari, na aliiheshimu dawa. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vyenye kwinini, akawapa wenzake, na vikaokoa maisha ya watu wengi.

Mto wetu wa Ruvuma aliujua vema. Mwaka 1861 aliingia humo kwa meli, lakini maji yakapungua. Mwaka 1862, miezi michache baada ya mkewe Mary kufariki kwa homa huko Shupanga, alirudi kwa mashua, akapanda mto mpaka miamba ilipomzuia. Safari ya tatu ndiyo iliyomleta kwetu. Aliondoka Unguja tarehe 19 Machi 1866, siku alipotimiza miaka 53. Alipofika mdomoni mwa Ruvuma aliona kwamba mikoko na matope havitaruhusu wanyama kushushwa. Kwa hiyo akageukia bandari ya Mikindani, akashuka tarehe 24 Machi akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda.

Msafara huo ulikuwa na harufu ya India. Alikuwa ametokea Bombay, na alikuwa na askari wa Kihindi pamoja na vijana wa Kiafrika waliosomeshwa Nashik, mji wetu mtakatifu kando ya mto Godavari. Vijana hao walikuwa wameokolewa utumwani na kulelewa huko. Walikuwapo pia Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, kijana Myao aliyekombolewa katika kongwa mwaka 1861. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa mbung'o na kwa kuteswa. Askari wa Kihindi walikata tamaa mapema, naye akawarudisha pwani. Watu wa Anjouan nao wakatoroka, wakatangaza Unguja kwamba amekufa.

Katika bonde hili la Ruvuma aliona wanawake waliokufa wakiwa wamefungwa kwenye miti, kwa sababu walishindwa kutembea na msafara wa watumwa. Miaka michache baadaye, huko Manyema, aliandika habari za ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona. Uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Walistahimili minyororo mpaka walipovushwa mto Lualaba, wakaona maji mapana yamewatenga na makwao. Hapo wakakata tamaa, na katika siku tatu wanane wao, pamoja na wengine wengi, wakafa. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Lugha yetu ya Kiswahili inaueleza ugonjwa huo kwa maneno mawili tu: kuvunjika moyo. Ikiwa nia humbeba mtu, basi nia iliyovunjwa humwangusha pia, hata kama mwili wake ni mzima.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo katika sherehe zetu hatulisemi. Ushuru wa forodha ya Unguja wakati huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Kihindi kutoka Kutch, na misafara mingi ya bara ilitoka kwa mikopo ya matajiri wetu. Livingstone alilalamika kwa uchungu kwamba hata wapagazi aliopelekewa walikuwa watumwa wa Wahindi wa Unguja. Wazee wetu wengi walikuja baadaye, maskini, na maduka yao waliyajenga kwa jasho lao wenyewe. Lakini kitabu cha hesabu kinachoandika mapato na kuficha madeni si kitabu cha mfanyabiashara mwaminifu. Majirani zetu Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wamwera wanastahili kusikia tukikiri hivyo.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Tarehe 20 Januari 1867 watoroshi walikimbia na sanduku lake la dawa. Aliona kama kwamba amehukumiwa kufa. Tangu siku hiyo mwili wake haukupona kabisa. Mwaka 1869 alipata homa ya mapafu, akabebwa kwa machela hadi Ziwa Tanganyika. Kisha vidonda vya miguu vilimfungia ndani ya kibanda huko Manyema kwa miezi. Mwezi Julai 1871, sokoni Nyangwe, alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Alirudi Ujiji akiwa kama mifupa mitupu, akakuta mali yake imeuzwa.

Mwishoni mwa mwaka huo Stanley alifika akiwa na barua, habari za ulimwengu na chakula. Mtu ambaye alikuwa akijilazimisha kula akaanza kula mara nne kwa siku. Baada ya siku chache nguvu zilimrudia, na wawili hao wakapiga makasia hadi kaskazini mwa ziwa. Hakuponywa na chakula peke yake. Alikuwa amejiona amesahauliwa, na sasa alijua kwamba anakumbukwa. Kumtembelea mgonjwa ni sehemu ya tiba yake.

Stanley alimsihi waondoke pamoja. Alikataa, kwa kuwa hakuwa amekipata chanzo cha mto Nile alichokitafuta, ambacho kwa kweli hakikuwa upande huo. Agosti 1872 aliondoka Tabora kuelekea mabwawa ya Bangweulu, huku akitokwa damu kila siku. Nia iliuamuru mwili uendelee, na mwili ukatii mpaka ukakosa cha kutoa. Aliposhindwa kutembea alibebwa. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa. Juni mwaka huohuo soko la watumwa la Unguja lilifungwa, jambo ambalo maandishi yake yalisaidia kulileta.

Hadithi haikuishia hapo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Karibu na Tabora Luteni Cameron aliwashauri wauzike hapo, wakakataa. Wenyeji wa njiani walipoiogopa maiti, waliifunga upya ionekane kama robota la nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Huko London daktari mpasuaji aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma. Ulizikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Nilipofika hapo niliona kwamba nia iliyonishangaza kuliko zote haikuwa ya Livingstone. Ilikuwa ya watu hawa, ambao hakuna aliyewaamuru.

Nilisema kwamba nilimsoma baada ya kuugua. Miaka michache iliyopita niliambiwa nina kisukari. Tangu ujana nimefunga Ekadashi na Navaratri, nikajivunia kwamba mwili wangu ni mtumishi wangu. Nikaweka vidonge kando, nikaendelea kufunga, mpaka siku moja nikaanguka nyuma ya meza ya duka langu. Walioninyanyua na kunikimbiza hospitali ni vijana wawili wa Kimakonde wanaopakia korosho jirani nami. Livingstone aliibiwa sanduku la dawa, nami langu nililitupa mwenyewe kwa kiburi.

Jibu nililolipata ni hili. Nia ina nguvu kubwa sana: huzuia maumivu, hurudisha afya, na ikivunjika huua. Lakini nia haichukui nafasi ya dawa, wala hakuna aliyefika mbali kwa nia yake pekee bila mabega ya wenzake. Wazee wetu wenye maradhi na wamuulize daktari kabla ya kufunga. Bhagwan hatatupunguzia baraka kwa hilo.

Naliombea hekalu letu, waumini wake na majirani zake wote wa Mtwara afya njema na mioyo isiyovunjika. Om Shanti.