Brahmagupta wa Bhinmal na Maumbo ya Pembe Nne

Katika matoleo yaliyotangulia ya kitabu hiki cha ukumbusho tumezoea kusimulia maisha ya watakatifu, washairi na wafalme wacha Mungu. Mwaka huu tumeona vema kumkumbuka mtu wa namna nyingine: mwanahesabu, mpimaji wa nyota, ambaye jina lake wengi wetu hulisikia shuleni mara moja kisha likasahaulika. Majirani zetu wasio wa dini yetu nao watamwona si mgeni kwao, kama tutakavyoeleza.

Brahmagupta, mwana wa Jishnu, alizaliwa mwaka 598. Aliishi na kufanya kazi Bhillamala, mji uitwao leo Bhinmal, katika jimbo la Rajasthan, na wafafanuzi waliomfuata walimpa lakabu ya mwalimu wa Bhillamala. Katika mwaka wa 550 wa kalenda ya Shaka, yaani 628, akiwa kijana wa miaka 30 chini ya utawala wa mfalme Vyaghramukha, alikamilisha Brahmasphutasiddhanta, kitabu kikubwa cha elimu ya nyota kilichoandikwa chote kwa beti. Sura mbili kati ya sura zake ni za hesabu tupu, na hizo ndizo zilizombakishia jina.

Ili tuielewe sura ya kumi na mbili, yatupasa turudi nyuma kidogo. Katika nchi ile hesabu ya maumbo ilikua kando ya moto wa ibada. Makuhani wa kale walipima madhabahu kwa kamba na vigingi, na vitabu vyao vya kamba, Sulbasutra, vilieleza jinsi ya kuchora mraba ulio sawasawa na jinsi ya kugeuza mstatili kuwa mraba wenye eneo lile lile. Uwanja mkuu wa sadaka ulikuwa na umbo la trapeza: upande wa mashariki hatua 24, wa magharibi hatua 30, na urefu kati yake hatua 36, hivyo eneo lake ni 972. Anayekaa mbele ya kishimo cha moto hekaluni petu, chenye pande nne zilizo sawa, anakaa mbele ya jambo la kale sana.

Wanahesabu wa India waligawa maumbo ya pembe nne katika aina tano: mraba, mstatili, trapeza yenye pande mbili za kando zilizo sawa, ile yenye pande tatu sawa, na umbo ambalo hakuna upande ulio sawa na mwingine. Kwa hilo la mwisho mpimaji alikuwa taabuni. Kanuni ya mkato, ambayo Brahmagupta mwenyewe aliieleza na kuiita ya kukadiria tu, ilikuwa kuchukua wastani wa pande mbili zinazoelekeana, kisha wastani wa mbili nyingine, na kuzidisha. Kwa mstatili hesabu hiyo ni kamili. Kwa kiwanja kilichokaa upande, humpa mwenye kuuza zaidi ya haki yake. Tunadhani wapo miongoni mwetu waliowahi kulipia eneo la namna hiyo.

Kando ya kanuni ile aliweka nyingine, iliyo sahihi. Jumlisha pande zote nne, uchukue nusu. Kutoka nusu hiyo utoe kila upande kwa zamu, upate namba nne. Zizidishe zote pamoja, kisha utafute kipeuo cha pili. Alitoa pia njia ya kupata urefu wa mistari ya ulalo, na namna ya kutunga maumbo ambayo pande, ulalo na eneo vyote ni namba kamili. Chukua pembetatu mbili zenye pembe mraba, moja ya pande 3, 4 na 5, nyingine ya 5, 12 na 13. Kwa kuzidisha pande za moja kwa upande mrefu wa nyingine, hupatikana 39, 52, 25 na 60. Zipange 25, 39, 60, 52. Nusu ya jumla ni 88. Namba nne zinazobaki ni 63, 49, 28 na 36. Na eneo ni 1,764. Mistari ya ulalo ni 56 na 63, nayo hukatana kwa pembe mraba, ndiyo maana nusu ya zao lake ni 1,764 vilevile. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu.

Lakini kanuni ile ilikuwa na upungufu, na hatuoni sababu ya kuuficha katika kitabu cha sherehe. Ni kweli tu kwa maumbo ambayo pembe zake zote nne zagusa duara moja, na Brahmagupta hakulitaja sharti hilo. Huenda aliona halihitaji kutajwa, kwa kuwa aina zile zenye pande zilizo sawa huingia katika duara, na umbo la tano alilitunga mwenyewe liingie. Hata hivyo rombasi yenye pande za 5 na mistari ya ulalo ya 6 na 8 ina eneo la 24, na kanuni yadai 25. Katika karne ya 12 Bhaskara alilikemea jambo hili waziwazi: pande nne pekee hazitoshi kulithibitisha umbo, maana laweza kusukumwa likalala huku pande zikibaki zile zile. Naye Bhaskara ndiye aliyemwita Brahmagupta johari ya taji la wanahesabu.

Brahmagupta mwenyewe hakuwa mpole hivyo kwa waliomtangulia. Katika kitabu chake cha ujanani alimshambulia Aryabhata kwa maneno makali, hata katika fundisho kwamba dunia huzunguka juu ya mhimili wake, na hapo aliyekosea ni mshambuliaji.

Katika sura ya kumi na nane aliweka kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba chanya na namba hasi, ambazo aliziita mali na deni, na kati yake akaweka shunya, utupu, kama namba kamili yenye sheria zake. Aliteleza aliposema shunya ikigawanywa kwa shunya ni shunya, lakini mengine yote yangalipo madarasani. Katika karne ya 8 elimu ya vitabu hivyo ilifika Baghdad katika enzi ya khalifa al-Mansur, ikafasiriwa kwa Kiarabu. Waarabu waliiita shunya sifr, nasi wa pwani hii tukapokea sifuri. Mtoto wa jirani anayehesabu sifuri madrasani na mtoto wetu anayesema shunya nyumbani wametamka neno moja.

Mwaka 665, akiwa na miaka 67, Brahmagupta aliandika kitabu cha mwisho tunachokijua, kifupi, cha kuwarahisishia watu hesabu za kila siku za jua, mwezi na sayari. Alikiita Khandakhadyaka, jina lenye maana ya kitafunwa. Msingi wa hesabu zake aliutwaa kwa Aryabhata.