Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyerudi alikopigwa

Njia inayotoka Fort Portal, ikazunguka milima ya Rwenzori na kuvuka mto Semliki kuingia Ituri, inajulikana sana na wafanyabiashara wa Uganda na Kongo. Mwishoni mwa mwaka 1896 Mganda mmoja aliipita kwa miguu bila bidhaa yoyote ya kuuza. Alikuwa anakwenda Mboga, mahali ambapo leo wengi huandika Boga, kufundisha watu kusoma na kuwahubiria Injili. Jina lake Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina wanalopewa wavulana waliotangulia kuzaliwa katika pacha. Ujana wake haukuwa wa kanisani. Buganda ilipochafuka kwa vita vya dini, yeye alishika silaha upande wa Waislamu. Baadaye mafundisho ya wamisionari yalimwingia moyoni, akabatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Hilo la Kivebulaya alibandikwa na watu kwa sababu ya vazi la Kizungu alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mkewe alifariki mapema, naye hakuoa tena.

Kabla yake walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kujaribu Mboga wakashindwa. Mtawala wa huko, Tabaro, aliwataka wafanye kazi ndipo wale, nao waliona kazi ya mikono si ya mwalimu. Njaa ikawaondoa. Apolo alipofika alishika jembe akajilimia mwenyewe. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwao Buganda wakati ule kulima shamba la chakula kulikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima zake hakuonekana nalo. Mgeni anayejilisha ni vigumu kumfukuza kwa njaa.

Kwa hiyo Tabaro alitafuta njia nyingine. Kilichomuudhi si kusoma na kuandika. Apolo alikemea ulevi na ndoa za wake wengi, na wasomaji wake walipozidi, mtawala aliona watu wake wanaanza kumsikiliza mtu mwingine. Mtawala yeyote angeliona hilo, hata asiyekuwa mkali. Apolo alipigwa, na waliomfuata wakasumbuliwa.

Kisha likatokea jambo ambalo nusura limalize kila kitu. Siku za kujenga kanisa, dada yake Tabaro alikuwa miongoni mwa waliosaidia kukusanya majani. Mkuki wa Apolo ulikuwa umefichika katika nyasi, yule mama akauangukia akafa. Ilikuwa ajali, lakini nani angemwambia hivyo kaka mwenye msiba, ambaye tangu mwanzo hakumtaka mwalimu huyu? Apolo alikamatwa kwa shtaka la kuua, akapelekwa kwa Waingereza Fort Portal, akafungwa.

Kwa ushuhuda wake mwenyewe, wakati huo wa mateso, alipokuwa amevunjika moyo kabisa, Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamtia nguvu na kumwahidi kuwa pamoja naye. Msomaji atalipokea hilo kwa imani yake. Linalojulikana ni kwamba hatia haikuonekana, akaachiwa, na alipokuwa huru hakuomba kituo kingine chenye amani. Alirudi Mboga.

Huko inasimuliwa kwamba safari moja alipigwa hadi watesi wakaamini amekufa, wakamtupa porini, na mwanamke Mkristo akamchukua na kumuuguza kwa siri. Alipopata nafuu alikwenda kanisani akapiga ngoma ya ibada kama kawaida. Tabaro alisikia ngoma hiyo. Haukupita muda mrefu, mtawala yule alikuja mwenyewe kutaka kufundishwa, na alipobatizwa akaitwa Paulo. Kati ya waliobatizwa Mboga hakuna aliyemgharimu Apolo zaidi ya huyu.

Baada ya hapo kanisa lilimrudisha Toro, akatumika huko miaka mingi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Katika miaka hiyo hiyo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanapimana mipaka, na Mboga, ambayo watu wake walikuwa na udugu na Toro tangu zamani, ikaishia upande wa Wabelgiji. Wenyeji hawakuulizwa. Kanisa changa la Mboga likajikuta ng'ambo, chini ya serikali nyingine, mbali na walimu wake. Apolo alipata kurudi huko katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na tangu hapo Mboga ndiyo ikawa kwake.

Wengi katika umri huo hutafuta kivuli. Yeye aliingia msituni. Kuanzia mwaka 1921 aliwaendea Wambuti wa msitu wa Ituri, watu waliodharauliwa na majirani zao. Alikaa nao, akajifunza lugha yao, akaifasiri Injili ya Marko katika lugha hiyo. Ilichukua karibu miaka kumi kabla ya kuwabatiza wa kwanza. Kanisa Kuu la Namirembe lilimpa cheo cha kanoni mwaka 1922, lakini cheo hicho hakikumtoa Mboga.

Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia katika kituo hicho, na dayosisi yake ya kwanza iliitwa kwa jina la Boga.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kuzika maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa bado haijafika, na wakamzika hivyo.